Roki Baada ya Jua Kuzama

Siku yoyote ambayo kuna muziki mahali, usimtafute Mokeira nyumbani kwao. Mtafute kwenye muziki. Utamkuta mstari wa mbele, kitambaa kichwani, pamba masikioni, anapiga makofi mpaka viganja vinawaka moto. Hachagui. Kwaya ikizindua nyimbo zake Kenyenya, yupo. Ngoma za Wajaluo za ohangla zikivuma upande wa Oyugis, yupo. Hata mashindano ya muziki ya shule za msingi, ambako wazazi wenyewe husinzia, yeye huenda kushangilia watoto asiowajua. Roki ikipigwa Nairobi, ndiyo usiseme: atafunga duka, atapanda basi, na Jumatatu asubuhi yuko nyuma ya kaunta sokoni Nyaramba, macho mekundu, sauti imekauka, akimweleza mkulima kwa ishara za mikono tofauti ya mbolea ya kupandia na ile ya kukuzia.

Watu humuuliza kwa nini anajisumbua hivyo. Jibu lake ni lile lile.

"Aliyesimama pale mbele anaogopa. Mtu anayeogopa hupigiwa makofi."

Analijua hilo kwa sababu yeye pia husimama mbele. Mokeira hupiga gitaa la besi katika bendi ya roki ya watu watatu iitwayo Ngurumo za Manga. Gitaa la kwanza na kuimba ni kazi ya Osoro, fundi wa simu pale Kisii mjini. Dramu ni za Ogola, kijana wa kutoka upande wa ziwani anayefanya kazi ya umeme mjini humo humo, Mkatoliki, mcheshi, na mwenye mikono isiyojua kutulia. Mokeira aliipenda roki alipokuwa chuo cha kilimo, chumba kimoja na msichana mwenzake aitwaye Apiyo, aliyeifungulia kila asubuhi badala ya kuamshwa na saa. Mwezi wa kwanza alitaka kuhama chumba. Mwezi wa pili alianza kuuliza majina ya bendi. Mwaka ulipoisha Apiyo alirudi kwao na Mokeira akarudi Nyaramba na ugonjwa usio na dawa.

Wazee wa Nyaramba wana maelezo yao mafupi kuhusu roki. Wanasema ni mtu amegombana na gitaa lake na anataka kijiji kizima kijue.

Mzee aliyelisema hilo kwanza alikuwa baba yake mwenyewe. Mzee Nyabuto ni mzee wa kanisa la Wasabato, na kwaya ya hapo ameifundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ni mtu wa sauti nne. Soprano, alto, tena na besi zikikaa sawa, dunia kwake imekaa sawa. Moja ikiyumba, hata chakula hakimwingii. Mtu wa namna hiyo kuzaa mpiga roki ni mambo ya Mungu, na Mungu anapenda mzaha kuliko tunavyodhani.

Kwa miaka mingi hawakugombana. Mzee alikuwa na njia nyingine: kila gitaa lilipotajwa, alitoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe yule aliangaliwa kuliko ng'ombe yeyote wa Nyamira. Mokeira naye alikuwa na heshima yake. Hajawahi kupiga Jumamosi kabla ya jua kuzama, kwa maana Sabato ni Sabato, na bendi nzima ililikubali sharti hilo, pamoja na Ogola ambaye hakuelewa jua linahusikaje na dramu.

Mwaka huu ndipo mambo yalipofika jikoni. Mokeira alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mzee aliona muda umefika wa kusema. Walizungumza kwa Kigusii, kama wanavyozungumza nyumbani, lakini tuyaweke hapa kwa lugha ya wote.

"Mokeira," mzee alisema, "wewe ni mtu mzima. Wakulima wanakuamini. Hayo makelele utayaacha lini?"

"Tata," Mokeira alijibu, kwani ndivyo Wakisii wanavyomwita baba, "unayaitaje makelele kitu ambacho hujawahi kukisikia?"

Mama yake, Esnah, aliyekuwa akimenya ndizi, alicheka bila kuinua kichwa.

"Baba Mokeira, hapo amekushika. Nenda ukasikie."

Mzee alifikiri. Kisha akasema sawa, atakuja mara moja, atasikiliza kama anavyosikiliza kwaya, na neno atakalolisema baadaye litakuwa la mwisho. Akisema acha, Mokeira ataacha.

"Nimekubali!" Mokeira akasema haraka. Mdomo uliponza kichwa. Baba yake alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, naye alikuwa binti wa baba yake.

Basi bendi ikaamua kupiga Nyaramba kwa mara ya kwanza. Walipata ghala la zamani la pareto, jengo la mabati lenye sakafu ya simenti, linalokodiwa na kanisa jingine kila Jumapili. Siku za kazi watu wako kwenye majani chai. Ikabaki Jumamosi jioni, baada ya Sabato kufungwa. Mokeira alisema hivyo mara mbili, mara tatu, wote wakaitikia.

Kosa lilitoka kwa Ogola, na lilitokana na akili, si uzembe. Ogola aliwaza: watu wa huku ukiwaambia saa moja jioni, watakuja saa tatu. Kwa hiyo katika tangazo akaandika saa kumi, ili ifikapo saa kumi na mbili na nusu ndio wawe wanaingia. Hakumwambia mtu. Aliona ametega mtego wa maana.

Kumbe mashabiki wa roki ni watu wa saa. Roki huku ni kama mvua ya Januari, ukiambiwa inakuja unatoka nje mapema kuingoja. Saa kumi kamili ghala lilikuwa limejaa vijana wa fulana nyeusi kutoka Kisii, Nyakoe, hata Kenyenya, minyororo shingoni, buti miguuni, wengine wakiwa wametoroka mkutano wa vijana wa kanisani na Biblia bado ziko mifukoni.

Mokeira alipofika na kuona umati ule, alifurahi kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha akaona upande wa pili. Kando ya mlango, chini ya ukingo wa bati, baba yake alikuwa amesimama na suti yake ya kanisani, mwavuli mkononi.

"Shikamoo, Tata. Mbona mapema?"

"Tangazo lenu limebandikwa kwenye mti wa kanisa," mzee alisema. "Saa kumi. Nimekuja nione kama binti yangu anapiga Sabato."

"Sipigi."

"Basi nitangoja hapa nje. Jua likizama nitaingia. Mkianza kabla, nitakwenda nyumbani, na neno langu unalijua."

Mokeira akaingia ndani. Alimtazama Ogola, na Ogola akatazama viatu vyake. Hakukuwa na haja ya kuuliza nani ameandika.

Watu wakaambiwa wangoje jua lizame, na saa moja ya kwanza walivumilia. Saa ya pili walianza kupiga mabati kwa viganja. Mvua nayo ilianza kunyesha, ile ya kwetu inayokuja alasiri na haitaki mazungumzo, na wingu likafunika kila kitu, hata ungetaka kuona jua limefika wapi usingeliona.

"Mziki iko wapi?" kijana mmoja akapiga kelele. "Tumetoka Kenyenya na hii mvua, bana!"

"Hii jua ya Nyaramba inalala saa ngapi?" mwingine akadakia, na watu wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Wachache waliokuwa karibu na mlango wakaanza kuvaa makoti.

Osoro akamnong'oneza Mokeira. "Tupige moja tu, tena polepole. Mvua inapiga bati, mzee hatasikia."

Mokeira alijaribiwa, tusimsingizie utakatifu. Miaka yote hii ya kupiga mbele ya viti vitupu, leo watu wamejaa mpaka wanasimama kwenye madirisha, na anawaona wakianza kuondoka. Akianza, atakuwa na tamasha moja zuri na hatakuwa na la pili. Akingoja, baba yake ataingia kusikiliza bendi inayopigia kuta. Alishika maiki.

"Jamani, sitawadanganya," alisema. "Yule mzee wa mwavuli hapo nje ni baba yangu. Amekuja kunisikia mara moja tu, na akinikataa leo, mimi na gitaa basi. Yeye ni Msabato, na jua halijazama. Mimi pia ni mtoto wa Sabato. Siwezi kuanza. Naomba mningoje."

Viganja vikaacha kupiga mabati. Mvua tu. Kisha Mokeira, asijue swali linatoka wapi, akauliza, "Humu ndani, wangapi ni watoto wa Sabato?"

Hakuna aliyeinua mkono. Watu walianza kukagua dari. Halafu kule nyuma mkono mmoja ukapanda, mkono mnene wenye bangili za chuma. Ulikuwa wa jitu moja lenye ndevu na koti la ngozi, liitwalo Nyangau, ambalo hata mabaunsa huliachia njia.

"Mimi baba ni shemasi," Nyangau alisema kwa aibu.

Mkono wa pili ukapanda. Wa tatu. Ikafika mahali mikono ikawa mingi kuliko vichwa, kwani wengine waliinua yote miwili.

"Sasa mnaogopa nini?" Nyangau akasema. "Si tufunge Sabato tu?"

Na bila kungoja ruhusa akaanzisha wimbo wa kufungia Sabato, ule ambao kila mtoto wa huku aliuimba akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Sauti yake ya besi ilitoka chini kabisa. Watu wa tena wakaingia. Wasichana wa fulana nyeusi wakagawana soprano na alto bila kuulizana. Hakuna aliyewafundisha siku hiyo na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Ghala lote lilikuwa kwaya iliyopotea njia ikajikuta mahali pamoja. Ogola alikaa nyuma ya dramu zake mdomo wazi. Mokeira alisahau hofu yake akaimba alto, machozi yakimlengalenga.

Wimbo ulifika ubeti wa pili, na hapo watu wa tena wakaharibu. Walipanda juu kabla ya wakati, kwa raha zao.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

"Tena!" Mzee Nyabuto alisema kwa ukali, maji yakimchuruzika mabegani. "Ninyi wa tena, mnakwenda wapi? Nani amewatuma? Rudini!"

Wakarudi. Mzee alitembea katikati yao hadi mbele, akafunga mwavuli, akautumia kuwaongoza. Aliwarudisha ubeti ule mara tatu. Vijana wenye minyororo walisimama wima kama wako mbele ya mwalimu mkuu, na Nyangau alipovuta besi ndefu kupita kiasi alipigwa jicho akaikata hapo hapo. Walioshika njia wakavua makoti wakarudi. Wakaimba mpaka mvua ikapungua na madirisha yakaingia giza. Mzee akatazama saa yake, akaomba sala fupi, akawaombea vijana wale pamoja na vyombo vyao, kisha akavaa miwani.

"Sabato imefungwa," alisema. "Haya, gombaneni na magitaa yenu."

Akaketi kwenye kiti cha mbele, kofia magotini.

Ngurumo za Manga hawajawahi kupiga vile. Umati uliokwisha kuimba pamoja hauhitaji kuchochewa; uliruka mpaka vumbi la pareto la miaka iliyopita likadondoka kutoka kwenye paa. Ogola, kwa furaha na hatia, aliukimbiza mdundo wa dramu zake kama mwizi aliyeonwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mara mbili alifika ukingoni. Mokeira alishikilia besi yake, asiharakishe, mpaka akamrudisha kwenye mwendo. Kila alipopata nafasi alimtazama baba yake. Uso wa mzee haukusema kitu. Wimbo wa tano ulipokwisha, alitazama tena, na kiti kilikuwa kitupu.

Alimaliza tamasha kwa sababu watu walikuwa wamengoja na walistahili. Alitabasamu, akapigiwa makofi, lakini moyo wake ulikuwa umeshafungasha virago.

Asubuhi ya Jumapili walikuwa shambani wakichuma chai, baba mstari wake, binti naye wake, vikapu migongoni. Mzee alichuma mpaka mwisho wa mstari. Akageuka, akaanza mwingine. Mokeira hakuweza kungoja tena.

"Tata, sema tu. Uliondoka."

"Ng'ombe hakamwi na gitaa," mzee alisema. "Yule kijana wa dramu anaitwaje?"

"Ogola."

"Anakimbia."

"Najua, Tata."

"Anakimbia vibaya. Wimbo wa tatu nilitaka kusimama. Halafu nikakusikia wewe huku chini, umekataa kwenda naye. Ukangoja. Akarudi mwenyewe, hata hajui amerudishwa." Mzee alichuma majani mawili na kichipukizi chake, akayatupa kikapuni. "Mimi katika kwaya kazi hiyo imenishinda mara nyingi. Mimi hugomba."

Mokeira aliacha kuchuma. "Kwa hiyo niache, au nisiache?"

Mzee akamshangaa kana kwamba ameuliza jambo la kitoto.

"Uache, halafu nani atamshika yule kijana?"

Mokeira alicheka, kicheko kikageuka kilio, akasimama katikati ya michai akilia kwa furaha bila kujificha. Mzee Nyabuto, asiyejua la kufanya na binti mzima anayelia, alikohoa, akarekebisha kamba ya kikapu chake, akatazama mstari wa jirani.

"Mlete hapa Jumapili ijayo," alisema mwishowe. "Mama yako atapika. Aje na vijiti vyake tu, yale mapipa ayaache huko huko mjini."