Uovu wa Mtu Mwema

Kazini walimwita Bi Mkunjo, maana shuka likitoka kwenye mashine na mkunjo mdogo tu, hulirudisha, hata kama gari la hoteli linapiga honi mlangoni. Ujana wake wote ameumalizia kwenye kile kiwanda cha kufulia. Hakuolewa. Alimlea mdogo wake, akamsomesha kadiri mkono ulivyofika, na binti alipokosa kazi kwingine akamwombea nafasi hapohapo, kwenye mashine ya pasi.

Mashine yenyewe ni rola mbili nene za moto. Shuka bichi linaingia huku, linatoka kule limenyooka. Mbele ya rola kuna fito ya chuma, na ukiigusa kwa kidole tu, kila kitu kinasimama. Imewekwa kwa ajili ya mikono ya watu. Tatizo ni kwamba hata pindo nene la shuka huigusa, mashine inasimama, kazi inalala. Msimamizi akachoka. Akachana kitambaa kwenye shuka kuukuu, akaifunga ile fito juu isiguswe na kitu. Kila mtu alikiona kitambaa. Nani angefungua mdomo? Kazi zenyewe ziko wapi?

Basi asubuhi moja rola zikamvuta mdogo wake mkono. Hospitali wakaukata kwenye kifundo.

Hapo ndipo kila mtu alipokuja na neno lake. Mwenye kiwanda akasema ajali. Mama yao akasema mkosi, tumeandamwa. Wenzake wakasema uzembe, binti alikuwa anapiga soga. Msimamizi akaja hospitali akalia machozi ya kweli, "Nimekosa, dada yangu, nimekosa." Na binti mwenyewe, loo, binti ndiye aliyemuumiza Bi Mkunjo kuliko wote. "Nilizubaa, dada," alisema. "Mnisamehe kwa usumbufu." Anafunga vifungo vya blauzi kwa meno, halafu anaomba radhi!

Huyo msimamizi usimdhanie jitu la kutisha. Msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kufika. Mfanyakazi akiugua, anambeba kwa gari lake mwenyewe. Bi Mkunjo alikuwa tayari kumwamini. Mtu hukosea, akasema moyoni, nani asiyekosea? Hata kitambaa kilipofungwa tena, mambo yalipopoa, aliguna tu akaendelea na kazi.

Kisha msimamizi akamleta binti yake mwenyewe, ametoka shule, ajishikize hapo kwa siku moja moja mpaka apate kazi ya ofisini. Kabla ya kuwasha mashine, baba mtu akatoa mkasi mfukoni, akakata kile kitambaa. Fito ikashuka. Siku nzima mashine ilisimama na kuwaka, kusimama na kuwaka, mashuka yakarundikana mpaka dirishani, na yule bwana wa kufoka akawa mpole kama maji ya mtungi. "Taratibu, mama zangu," anasema, "kazi haina mbio."

Kesho yake binti wa msimamizi hakuja. Msimamizi akachana kitambaa kipya, akafunga.

Bi Mkunjo alisimama na shuka mkononi, akamtazama anavyofunga. Kumbe! Mtu akikosea, ni kwa sababu hakujua. Mzembe anajua, ila amesahau. Lakini huyu alijua, na alikumbuka vizuri sana, akakaa akachagua mkono wa nani ukatike. Hilo lina jina lake, na jina lake si kosa. Ni uovu, akasema kwa sauti, na jirani yake akajifanya hakusikia.

Jumapili msimamizi alikuwa anakuja nyumbani na wazee wawili, yaishe. Mama alikuwa amefagia tangu alfajiri. Mdogo wa Bi Mkunjo angesema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyezubaa, na angelibeba hilo maisha yake yote. Bi Mkunjo akaapa mdogo wake hatalibeba. Akaingia chumbani, akamkuta anafunika kigutu kwa mtandio, akamweleza yote, mkasi na kitambaa.

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

"Basi si mimi."

"Si wewe, mdogo wangu. Haikuwa wewe hata siku moja."

Binti akalia. Alikuwa hajalia tangu hospitali. Bi Mkunjo akamshika mabega, akaona sasa mzigo umeshuka, na moyo wake ukafurahi.

"Na wewe, dada?" binti akauliza akiwa bado kifuani pake. "Ulijua imefungwa?"

"Wote tulijua."

"Sijakuuliza wote. Asubuhi ile wewe ndiye uliyenipanga mbele ya rola, ukaenda upande wa kukunja."

Ni kweli. Upande wa kukunja hauna moto, na hakuna kinachovuta vidole. Bi Mkunjo ndiye mkubwa pale, hupanga watu anavyotaka. Asubuhi ile aliitazama fito, akakiona kitambaa, akajitazama mikono yake mwenyewe.

Neno alilokuwa amempikia msimamizi lilikuwa palepale mdomoni. Akalimeza.

"Nilizembea," akasema. "Nilizembea tu, mdogo wangu."

Binti akajitoa mikononi mwake, akamtazama weee. Nje watu wakapiga hodi. Akafuta uso, akatoka.

Msimamizi alikuwa ameshasimama, kofia mkononi. "Mwanangu, mimi nimekosa..."

"Usijisumbue, baba," binti akasema. "Hapa hakuna mtu mbaya. Ni uzembe tu. Muulizeni dada."

Wazee wakashusha pumzi. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Wote wakamgeukia Bi Mkunjo, na Bi Mkunjo akasema ndiyo.