Usiniulize Alikuwa na Miaka Mingapi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka natamani kumziba mdomo yule msichana niliyekuwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nimerudi kwetu Molo nikijiona nimeelimika kuliko kijiji kizima. Jirani yetu, Mzee Kibet, alikuwa amefiwa na mama yake. Mama yangu alinibebesha debe la viazi, yeye akabeba maziwa, tukaenda matangani kutoa pole.

Tulimkuta mzee nje akikamua ng'ombe wa marehemu, maana ng'ombe hana habari na matanga. Mama alimpa mkono, akakaa kando yake, akanyamaza. Mama alijua kukaa na mtu. Mimi ulimi ulikuwa unaniwasha. Nikauliza, "Kwani kogo alikuwa na miaka mingapi?" Kogo ndivyo Wakalenjin wanavyomwita nyanya. Mzee akajibu kwamba hakuna aliyejua vizuri, labda tisini, labda zaidi. Nami, kwa hekima yangu ya kidato cha nne, nikasema, "Basi alikuwa amekula chumvi nyingi. Ni afadhali amepumzika."

Aliendelea kukamua mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema polepole, bila kugeuka:

"Msichana, huyo mama alikuwa ananiita kijana mpaka wiki iliyopita. Mimi huyu, na hizi mvi zangu. Sasa ni nani ataniita hivyo? Mimi nimezeeka juzi, siku ile amekufa."

Nilitaka kuomba radhi, lakini alikuwa hajamaliza. Alituambia mama yake alikohoa miezi miwili, na kila aliyeingia bomani alisema ni uzee. "Na mimi nikaamini. Unajua ni kwa nini? Ilikuwa rahisi. Mtu akiwa na uzee hapelekwi hospitali." Akainuka na ndoo yake, akaingia ndani, akatuacha na ng'ombe.

Njiani mama aliniuliza neno moja tu: "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Hakunigombeza. Ningeona heri angenigombeza, maana aibu ile niliibeba peke yangu mpaka nyumbani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi ule wa Mzee Kibet nilikuwa nimeupima kwa kidole kimoja nikauona mwepesi.

Sasa nikwambie mama yangu alikuwa nani, ndipo uelewe hasira yangu. Alizaliwa Ndabibi, baba yake akichunga ng'ombe wa mzungu. Akiwa msichana alikuja Molo kuchuma maua ya pareto, kikapu mgongoni na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na humo humo kwenye pareto ndimo baba yangu alimpata. Baba alipofariki mimi nikiwa na miaka kumi na miwili, ndugu zake walikuja na maneno yao matamu kwamba shamba linataka mwanamume. Mama akawaambia, "Shamba linataka jembe," akashika jembe lake akaendelea kulima wakiwa wamesimama pale pale. Walisimama mpaka jua likawachoka, wakaenda.

Miaka ile makabila yalipochomeana nyumba, yetu ilichomwa mara mbili. Mara mbili alirudi. Mara ya kwanza aliyemficha alikuwa mkaza mwana wa Mzee Kibet, ndani ya ghala la mahindi, na hilo sikuruhusu mtu yeyote alisahau. Mara ya pili aliporudi alipanda viazi kabla ya kusimamisha hata nguzo moja. Tulipomuuliza atalala wapi, alisema nyumba inaweza kungoja lakini mvua haingoji. Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia, mwanangu. Alikuwa mfupi, mkaidi, na nilimpenda kuliko ninavyoweza kukueleza.

Basi miaka minane iliyopita mama akaanza kunyamaza. Alikuwa mtu wa kubishana na redio, sasa akawa anaitazama tu. Akaacha kula. Akawa analala mchana, akiamka ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Ndugu yangu Daudi, anayekaa Naivasha, alimpeleka kliniki moja, na yule bwana wa kliniki alimtazama mama kutoka kwenye kiti chake, hakuinuka, akasema, "Huu ni uzee tu. Mrudisheni nyumbani mumpe uji."

Jumamosi moja Daudi alikuja tena, na njiani alipita Kikopey akaleta nyama choma, ile ya mbavu aliyoipenda mama. Mama akageuza uso ukutani. Daudi akaweka sahani chini, akasema kwa huzuni, "Mtu wa huku akikataa nyama ya Kikopey, huyo ameshaaga." Watu wakatikisa vichwa. Hata mimi nilikaribia kutikisa changu.

Jioni hiyo jamaa walikaa sebuleni, na kati yao na kitanda cha mama palikuwa na pazia tu. Wakaanza kujipanga. Hema litoke wapi, ng'ombe yupi achinjwe, picha gani iwekwe mbele ya kile kijitabu cha mazishi. Walikuwa na picha tatu mezani wakizichagua, na mama anapumua upande wa pili. Usidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa watu wanaompenda mama na wamechoka, na kuna neno limewapa ruhusa ya kupumzika. Neno lenyewe ni uzee. Mzee Kibet alikuwa kaburini miaka mingi, lakini siku hiyo nilimsikia waziwazi akisema ilikuwa rahisi.

Nikasimama. "Daudi, mama ni mgonjwa."

"Dada, kubali tu. Mama ni mzee."

"Najua ni mzee. Nimesema ni mgonjwa."

Akasema nataka kumtesa mama barabarani bure, na kwamba gari lake halitoki. Nikamwambia gari lake alale nalo. Mimi nami nilikuwa na miaka sitini na kitu, magoti yangu yanalia nikiinama, lakini wembamba wa reli, garimoshi hupita. Asubuhi yake nilimfunga mama mablanketi mawili, jirani akanisaidia kumbeba, tukasimama barabarani mbele ya lori la viazi lililokuwa likienda Nakuru. Dereva akasimama akitaka kunitukana, nadhani, kisha akamwona mama.

"Mathe, mgonjwa?"

"Ni mama yangu."

"Haya, mlete huku mbele. Lakini tumfunike shosho vizuri, heater ya hii lorry ilikufa kitambo."

Nakuru tulipokelewa na daktari msichana, mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wangu, na nakiri nilipomwona moyo ulishuka. Lakini yule binti alivuta kiti, akakaa karibu na mama mpaka magoti yakagusana, akamshika uso kwa mikono miwili. "Shosho, hebu fungua mdomo nione." Mama akaufumba zaidi. Binti hakuharakisha. Akangoja, akambembeleza, na mama akafungua. Mwanangu, katika wiki zote zile, sisi wote pamoja na yule bwana wa kliniki, hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia mama afungue mdomo.

"Ni nani alisema hii ni uzee?" daktari akauliza. "Hii ni jino, mum. Usaha imejaa mpaka kwa taya, na imeanza kuingia kwa damu. Ndio maana amechanganyikiwa. Mngekaa siku chache zaidi singekuwa na la kufanya."

Nililia pale pale mbele ya watu, na yalikuwa machozi ya hasira. Mama yangu alikuwa amebakiwa na meno matano, na moja likaoza, nasi tukamtafutia hema.

Waling'oa jino, wakamtundikia dawa kwenye mshipa. Siku mbili hali ilikuwa ngumu, na daktari hakunificha kwamba angeweza kwenda. Siku ya nne tulimkuta amefungua macho. Daudi naye alikuwa ametufuata, amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya chai, amekonda kwa majuto. Mama akamtazama, akasema kwa sauti ndogo, "Daudi, ile picha mlichagua siitaki. Kitambaa cha kichwa kimekaa upande."

"Nilikuwa nasikia yote," akasema. "Mdomo tu ndio ulikataa." Daudi alipiga magoti akalia mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Mimi nikamuuliza mama kwa nini hakusema jino linamuuma lilipoanza, zamani kabla ya haya yote. Alinijibu, "Ningesema jino, mngesema ni uzee."

Alipata miaka saba mingine. Alibishana na redio. Alichagua mbegu za viazi kwa mkono wake kila msimu na kunikaripia kwamba mimi huchagua vibaya. Alimbeba kitukuu chake, akamtukana kwa mapenzi. Na katika miaka hiyo ndipo aliponisimulia kwamba kabla yangu, kabla hata ya kuja Molo, alizaa mtoto mwingine Ndabibi, msichana, akaishi wiki mbili, na jina lake lilikuwa Wanjiru. Ningekuwa nimefungua mdomo wangu kukubali, dada yangu angezikwa mara ya pili bila mtu kumjua.

Mwaka huu mama amekufa. Moyo ulichoka, na daktari aliyesema hivyo aliusikiliza kwanza. Kwenye mazishi kila aliyenipa mkono aliniuliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Ukijibu hesabu kubwa, unaona uso wa mtu unalegea, anakuondolea nusu ya pole yake. Basi wote niliwajibu neno moja: "Michache." Mhubiri akatuambia tusilie, tusherehekee maisha marefu. Nililia mpaka akapandisha sauti ya kipaza sauti. Mama mmoja wa kanisa akaninong'oneza kwamba nishukuru, nina watoto, nina wajukuu, nyumba imejaa. Nikamwambia jino la pembe si dawa ya pengo. Mimi ni mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, na hakuna tena duniani wa kuniita kasichana kake. Niache nilie.

Sasa nasaha yangu nikupe bila kuizungusha. Ukienda kumpa mtu pole, usimuulize miaka ya marehemu. Anayekufa ni mama yake, na mama hana umri wa kufaa kufa. Mtu mzee wa kwako akinyamaza, akiacha kula, akichanganyikiwa, usikubali neno uzee kutoka kwa mtu ambaye hajamgusa. Muulize, "Umemtazama mdomoni? Umemsikiliza kifua?" Waache wakuite mbishi, mimi wananiita hivyo na sijafa. Hata ikiwa kweli hakuna tiba, na siku hiyo huja, basi aage akiwa ametazamwa kama mtu. Na kama umewahi kusema nilichosema mimi kwenye boma la Mzee Kibet, usijichukie. Ulimi hauna mfupa. Rudi kwa uliyemwambia, ukae kando yake, unyamaze.

Mungu akuzeeshee mama yako, mwanangu. Akuache uwe mtoto wa mtu hata mvi zikijaa kichwani, ugombezwe juu ya mbegu za viazi ukiwa na wajukuu. Na mama akitangulia, Mungu akupe machozi yako yote, na asitokee mtu wa kukupimia.