Shoka la Mbishi na Adabu ya Fundi Baridi

Fundi Baridi alikuwa na adabu mpaka ikawa kero. Jina alilipata kwa kazi yake ya kutengeneza mafriji na viyoyozi, lakini waliomjua walisema lingemfaa hata angekuwa mwoka mikate. Mteja akimfokea, yeye ndiye anayeomba samahani. Akikanyagwa mguu, anamuuliza aliyemkanyaga kama ameumia. Mbele ya mama mkwe wake hali ilikuwa mbaya zaidi: sauti inashuka, macho yanahamia sakafuni, na sentensi inazunguka weee mpaka inafika ilikokuwa ikienda ikiwa hoi.

Mama huyo alihamia kwao alipostaafu. Alikuwa dereva wa kreni kwenye ghala la vyuma, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kutazama watu kutoka juu. Baridi alimpenda sana. Alipenda alivyokunywa chai akiwa amesimama, alivyoingia karakanani bila hodi, alivyoshika chombo asichokijua akakigeuzageuza hadi kikamweleza kazi yake. Ila kumwambia hivyo hakuweza, na hakuna anayesoma moyo wa mtu aliyeinamisha kichwa.

Basi siku moja mezani mama akatangaza kwamba mashindano waliyokuwa wakijiandaa nayo yakiisha atahamia kwa mwanawe mkubwa, ambaye ana chumba cha ziada. Baridi aliweka tonge chini. Alitaka kusema, "Usiende." Kilichotoka ni, "Kama itakupendeza, mama." Mkewe akampiga teke chini ya meza.

"Hivi wewe unataka aende?" mkewe alimuuliza jikoni.

"Hata kidogo!"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nitamkatalia vipi mtu mzima?"

"Kwa mdomo, mume wangu. Watu hutumia mdomo."

Akaahidi atasema. Kila asubuhi alijikaza, na kila asubuhi akaishia kumuuliza mama kama amelala salama.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya roboti zinazopigana, katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Baridi alikuwa ameunda roboti bapa yenye magurudumu manne, wakaiita Mbishi kwa sababu ilikataa kwenda mbele wiki nzima ya kwanza. Kuiunda alijua, kuiendesha ilimshinda. Alikuwa akiizungusha papo hapo kama kuku aliyepigwa na jua. Mama akamwomba rimoti, akaipitisha Mbishi katikati ya chupa zilizopangwa sakafuni, mbele na nyuma, na chupa hazikutikisika. Toka hapo dereva akajulikana.

Kilichobaki kilikuwa silaha, nao wakachagua shoka. Kichwa chake Baridi alikikata kwenye springi ya lori, akakinoa, akakifunga kwenye mpini wa bomba la chuma. Mota ilitoka kwenye drili kubwa ya betri, na mnyororo wa pikipiki ukaunganisha mota na mpini. Ukibonyeza, shoka linashuka. Ukiachia, umeme unakatika na vipande vya tyubu ya baiskeli vinalivuta juu tena. Kwa nje aliweka plagi nyekundu: ukiichomoa, mashine nzima inakufa.

Sasa, kati ya betri na mota panatakiwa rilei, yaani swichi inayowashwa na swichi nyingine. Baridi alikuwa na kisanduku kizima cha rilei za viyoyozi, na alizipenda mno. Akachagua iliyo safi kuliko zote, akaifunga, akakaza skrubu. Hapo ndipo alipobugi, na ni kosa la fundi wa friji. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, kwa hiyo cheche kati ya vidole vya rilei, zile ncha zinazogusana, hujizima yenyewe. Umeme wa betri unasukuma upande mmoja tu bila kupumua. Cheche inarefuka, inayeyusha vidole, na vikishagandana, ndio basi tena. Wewe umeachia kitufe, mashine haina habari.

Tena kuhusu ile plagi nyekundu alikuwa amemwonya mama, ndiyo. Alimwambia, "Mama, labda, kama haitakuwa usumbufu, plagi ingeweza kutolewa kwanza kabla ya mtu kuisogelea." Mama alidhani ni wazo tu.

Jumamosi asubuhi, karakanani, wakaweka gogo chini ya shoka. Mama akabonyeza. Pah! Vibanzi vikaruka, shoka likarudi juu. Akabonyeza tena. Pah! Mama akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Mara ya tatu shoka likazama kwenye gogo, na halikurudi.

"Nimeachia," mama alisema. "Limeng'ang'ania kwenye mti."

Akaweka rimoti kwenye stuli, akapiga goti, akapitisha mkono chini ya mpini ili alichomoe gogo.

Baridi alikuwa upande wa pili wa meza akifuta mikono. Harufu ikampiga puani: vanishi ya waya inayopata moto. Aliijua harufu hiyo vizuri, ni ya mota inayotaka kuzunguka na imezuiwa. Kwa hiyo umeme ulikuwa bado unapita, na kinachozuia shoka lile ni gogo peke yake, gogo ambalo mama alikuwa anaanza kulitikisa.

"Samahani mama," alianza, "naomba kama—"

Mama hakusikia. Gogo likacheza.

"Toa mkono!" Sauti iliyomtoka hakuwahi kukutana nayo. "Toa mkono! Rudi nyuma, we mama, rudi!"

Mama akaanguka kitako huku mkono ukija naye. Gogo likateleza pembeni, shoka likashuka na kupasua ubao wa sakafu pale pale mkono ulipokuwa. Baridi aliruka meza, akachomoa plagi nyekundu, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

Mama alijitazama vidole, akavikunja, akavikunjua. Vyote vilikuwepo. Baridi alikaa chini, na machozi yakamtoka bila kuombwa. Nafuu aliyoisikia ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakukumbuka kuona haya.

"Umenifokea," mama alisema.

"Nimekufokea."

"Umeniita 'we mama'."

"Ndiyo. Na ukirudia kuusogelea mtambo huu kabla ya kutoa plagi, nitakufokea tena."

Mama akamtazama. Kisha akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu mabega yote. "Kumbe una sauti! Kule kwenye kreni, mtu wa chini, anayeelekeza kreni, alikuwa akiniporomoshea maneno kutwa nzima. Yule ndiye aliyekuwa akitaka nirudi nyumbani mzima. Wewe toka nije hapa ni 'kama itakupendeza', 'kama haitakuwa usumbufu'. Nikajua huyu ananivumilia tu kwa ajili ya mke wake. Nikasema nisimchoshe mtoto wa watu, niondoke."

"Nani kasema unanichosha?" Sauti yake ilikuwa imeshafunguka na hakuwa na haja ya kuifunga. "Huendi kokote, mama. Sitaki uende. Nimetaka kusema hivyo kila asubuhi na nimeshindwa."

"Unanikataza?"

"Nakukataza."

Mkewe alitokea mlangoni akikimbia, kanga begani, akiuliza ni nani aliyepiga makelele. Aliwakuta wawili hao wameketi sakafuni kando ya shoka lililokwama, mumewe analia, mama yake anacheka. Mama akamwashiria amletee simu. Akampigia mwanawe mkubwa, na sauti ya spika ikajaa karakana.

"Kile chumba usihangaike nacho," mama alisema. "Siji. Nimekatazwa kuondoka hapa."

"Umekatazwa? Na nani huyo?"

Mama akajifuta macho kwa kiganja.

"Na mwanangu," alisema.