Vyuma Kwenye Picha ya Mwezi

Mtaani walimwita Mama Nyota, maana kazi yake ilikuwa kutazama anga kwa darubini, na alichokiona alikichora kwa rangi. Safari hii alichora mwezi, na pembeni akaweka vyuma vya chombo cha angani kilichoanguka huko.

"Futa hayo makorokoro," mkurugenzi wake alimwambia. "Wageni wa maonyesho wanakuja kuona mwezi, hawaji kuona jalala."

"Tumeyatupa sisi binadamu, bosi. Sifuti."

"Basi haitundikwi."

Aliibeba picha kwapani bila kugeuka nyuma. Wanaume wa kumwambia afute alikuwa keshawazoea, wa kwanza akiwa mumewe. Akaipeleka saluni kwa mdogo wake, akaitundika juu ya kioo.

"Dada, unaniletea mikosi ya ofisini," mdogo wake alicheka, lakini hakuitoa.

Mteja aliyekuwa kitini, nywele nusu zimesukwa, alikodoa macho. "Hivyo vyuma ni vya nani?"

"Vyetu," alijibu Mama Nyota.

"Sasa nani ataenda kuviokota?"

Mama Nyota akavuta kiti, akaketi kwa raha zake. Picha aliichora ili mtu aulize swali hilo.

"Msinitazame mimi," akadakia mdogo wake. "Nina foleni."