Bwambale na Kazi za Pembeni

Mdogo wangu Bwambale ana chumba cha gemu pale Bwera, nyuma ya maduka ya vitenge, na mimi Gorret nakaanga chapati mlangoni kwake. Kwa hiyo haya ninayosema sikuyaokota barabarani. Nimekaa miaka pale nikisikia wanaume wazima, wenye ndevu na watoto, wakigombana juu ya bibi kizee wa ndani ya televisheni aliyepoteza sufuria yake. Mwanzo nilidhani wamerogwa. Baadaye na mimi nikaanza kuuliza kama sufuria imepatikana.

Gemu zenyewe si za mpira. Mpira unachezwa chumba cha jirani, na kelele zake nazijua. Za Bwambale ni zile za dunia kubwa: unapewa mtu wako, farasi, upanga na nchi nzima ya kuzunguka. Kuna kazi kubwa, tuseme kumtoa mfalme mbaya kitini au kumwokoa binti aliyefungwa mnarani. Halafu kuna kazi za pembeni. Mtu amesimama kando ya njia, alama ya njano inamwelea kichwani, anakuomba umtafutie mbuzi. Si lazima umtafutie, unaweza kupita zako. Bwambale hawezi kupita.

Alikuwa na gemu tatu, na kila siku alizilinganisha kazi zake za pembeni kama sisi tunavyochagua nyanya sokoni. Ile ya visiwa aliidharau kabisa. Kule kila mtu anataka kitu kilekile, leta manyoya, leta meno ya mbwamwitu, na ukileta anakushukuru kwa sauti ya mtu aliyesinzia. Bwambale alisema huko ni kutumwa dukani tu. Ile ya milima ndiyo aliyoipenda. Kule ndugu wawili wanagombania kisima, na ukiwapatanisha, siku ukipita tena unawakuta wanakunywa pamoja na wanakuita kwa jina. Kwake kazi ya pembeni nzuri ni ile ambayo anayekutuma ana sababu, na ukirudi anakukumbuka. Hapo nilikubaliana naye, maana wapo watu wa Bwera niliowasaidia vizuri sana na leo wakiniona wanavuka barabara.

Ya tatu, ile ya jangwa, aliichukia. Humo saa inatembea. Ukikawia kumpelekea mgonjwa dawa, unamkuta amezikwa na mke wake hataki hata kukutazama. Bwambale aliicheza kidogo akaitupa chini ya meza, akasema waliotengeneza gemu ile hawana mama.

Basi siku moja ya soko aliingia msichana mrefu, mwenye shingo ya kujivunia, anaomba kuchaji simu. Jina lake Amony. Baba yake ni Afande Lokwang, mwanajeshi wa kutoka kaskazini, aliyekuwa akikaa na familia yake kambini upande wa Kasese. Amony alikuwa amekuja kununua vitenge. Akakaa kwenye benchi, akawasikiliza wanaume wakisifu ile gemu ya milima, akavumilia, mwishowe uvumilivu ukamwisha. Akasema kazi ambayo huwezi kuiharibu si kazi, ni matembezi. Kwamba ile ya jangwa ndiyo yenye kazi za maana, kwa sababu ukichagua kumsaidia huyu, yule anakukosa.

Bwambale akainama kuitafuta ile gemu chini ya meza. Mimi chapati yangu iliungua upande mmoja na sikujali. Walibishana mpaka simu ikajaa, na tangu hapo simu ya Amony ikawa inaishiwa chaji kila siku ya soko.

Sasa lazima niseme jambo juu ya mdogo wangu, na nalisema kwa mapenzi. Alivyo ndani ya televisheni ndivyo alivyo nje. Bwera nzima inamtuma. Nani ampelekee shangazi mihogo? Bwambale. Nani amsindikize mzee hospitali, nani akashike upande wa pili wa bati fundi akipigilia? Bwambale. Hata mimi namtuma, kwani mimi ni malaika? Na hakatai, tena anarudi anatupimia: kazi ya fulani ilikuwa na kisa kizuri, ya fulani haikuwa na kichwa wala miguu.

Mapenzi yakakolea mpaka yakamfikia baba mtu. Wakati huohuo Afande Lokwang akapata uhamisho wa kwenda Moroto, upande mwingine kabisa wa nchi, pamoja na familia yake. Akamwambia Amony maneno machache, kwa namna yao wanajeshi: yule kijana wa Bwera aje Jumamosi asubuhi, kabla lori halijaondoka saa sita, amtazame machoni. Asipokuja, habari yake imeisha, na huko Moroto isisikike. Amony alimpigia Bwambale akilia, na Bwambale akaapa kwamba atafika kabla ya chai.

Jumamosi aliondoka alfajiri kwa pikipiki, amevaa shati jeupe nililolipiga pasi mwenyewe. Nikamwambia, mdogo wangu, leo ni Kasese tu, usisimame. Akaniitikia vizuri sana.

Hakumaliza hata mtaa. Jirani yetu Kosiya alikuwa njiani na kuku, anataka kumpelekea binti yake Kinyamaseke. Kinyamaseke si njiani tu? Bwambale akafunga kuku nyuma. Pale Kinyamaseke binti wa Kosiya akapokea kuku, akashukuru, akasema kwa bahati mbaya bibi yake kule Kyondo hana dawa ya kifua, na dawa hii hapa. Kyondo ni kupanda mlima, jamani. Si njiani hata kwa mtu aliyelewa. Lakini Bwambale aliniambia baadaye kwamba alipiga hesabu zake akaona jua bado liko chini, na kisa kilikuwa kimeanza kunoga.

Kule juu alimpa bibi dawa. Akiwa anageuza pikipiki akasikia ugomvi: mzee Yowasi na jirani yake, mbuzi wa huyu amekanyaga kahawa ya yule iliyoanikwa kwenye turubai. Wazee wawili, fimbo mkononi, na mbuzi katikati anatafuna. Niambie kama Bwambale angeweza kupita. Alikaa. Akawasikiliza kila mmoja kwa zamu, akaokota kahawa kwenye majani punje kwa punje, akawapatanisha. Wakamwita kwa jina, wakamlazimisha kula. Amony alipiga simu, yeye akajibu yuko njiani. Alipiga tena, akajibu yuko njiani. Mungu wangu, nikikumbuka hapo natamani kumpiga na kijiko cha chapati.

Siyo kwamba alimsahau. Hilo nataka lieleweke. Kichwani mwake alikuwa na Amony mchana kutwa. Kosa lake ni la mtu aliyelelewa na zile gemu: kule unaweza kuvua samaki mwaka mzima, na binti wa mnarani anakungojea palepale dirishani, hazeeki, hachoki. Kazi kubwa haianzi mpaka wewe ufike. Bwambale alikuwa anaamini kabisa, kifuani, kwamba lori la jeshi litakaa kimya mpaka pikipiki yake iingie getini.

Alipofika kambini injini ilikuwa inanguruma. Vitanda vimefungwa kamba, masufuria yanalia, na Amony ameketi juu ya magodoro na mama yake. Afande Lokwang alikuwa tayari ameketi mbele. Akashuka polepole, akamtazama Bwambale kuanzia viatu vyenye matope mpaka shati lililokuwa jeupe.

"Nilisema asubuhi," akasema. "Hii ni asubuhi?"

Bwambale, masikini, akaanza kueleza. Kuku, dawa ya kifua, mbuzi, turubai. Alieleza vizuri, anasema mwenyewe, maana anajua kusimulia. Askari wawili wa getini hata walicheka pale kwenye mbuzi. Afande hakucheka. Aligeuka kurudi mbele, na hapo Amony akasema kutoka juu ya magodoro, bila kupaza sauti.

"Bwambale, na mimi niko kazi ya ngapi?"

Mtu aliyeshinda mabishano yote ya Bwera alisimama pale mikono inaning'inia, na lori likaondoka. Afande alitoa kichwa dirishani akasema neno moja, "Umechelewa," na vumbi likamfunika.

Alirudi nyumbani. Alikaa kwenye benchi la chumba chake, televisheni imezimwa, wateja wamesimama nje hawathubutu kuingia. Mimi nililia, sioni aibu kusema. Nilimpenda yule msichana kwa shingo yake na kwa mdomo wake.

Asubuhi alifunga chumba kwa kufuli. Habari ikatembea kwamba Bwambale anakwenda Moroto, na unajua Bwera ilivyo, mlango ulijaa. Huyu ana mtoto wake anasoma Kampala, ampelekee nguo. Yule ana shemeji Mbale. Kosiya alikuwa na kuku mwingine. Bwambale aliwapita wote, akisema samahani, samahani, macho chini. Nikaona sasa zamu yangu, maana sisi Wakonzo hatuendi kwa watu mikono mitupu, kwa wakwe ndiyo usiseme. Nilikuwa nimemfungia kahawa nzuri, ya kumpa mama yake Amony.

"Hapana, dada," akaniambia. "Na ya kwako pia hapana."

Nikabaki na kifurushi changu. Nilikasirika kweli, mbele ya watu wote, mimi niliyempigia shati pasi.

Njia ya Moroto ni ndefu, na simu yake ilizimika kabla hajafika Kampala. Nikakaanga chapati bila kujua ninachokaanga. Halafu Amony akanipigia. Alisema Afande alikuwa anapiga mswaki nje, jua halijachomoza, akamwona Bwambale amesimama kwenye ua wao huko Moroto, hana begi, hana kitu, vumbi mpaka nyusi. Afande aliendelea na meno yake. Mama ndiye aliyetoka, akamzunguka, akatazama nyuma yake kama kuna mzigo, akaanza kulalamika kwa sauti ya kuamsha kambi.

"Sasa huyu ni mkwe gani, anakuja hata sukari hana?"

Na Amony akaniambia kwenye simu, anacheka na kulia pamoja, kwamba alimjibu mama yake, "Mwache hivyohivyo, mama. Ndivyo nilivyomtaka."