Protea Juu ya Gorofa

"Haya maua ya Afrika Kusini hutayaweza hapa Pumwani," majirani waliniambia niliporudi kutoka huko na diploma yangu ya kilimo cha maua. Walinikopesha pesa za kuanzia huku wakicheka. Mbegu za protea, ndiyo maua yenyewe, nilizifukiza moshi, maana bila moshi ni shida kuota, nikaziotesha juu ya gorofa nilikopanga. Nani mwingine mtaani angeweza? Kisha zilipochipua, mwenye nyumba, mama mkarimu kupita kiasi, akazirundikia mbolea ya kuku.

"Zilikuwa zimekonda, mwanangu. Nimekusaidia."

Protea huungua kwa mbolea kali. Zilikauka zote! Nilianza upya, mlango wa paa nikautia kufuli. Nilichekwa kwa miaka, maana protea huchelewa kutoa maua. Nilipouza mavuno ya kwanza, nilimlipa kila aliyenidai, siku hiyo hiyo. Nilitarajia angalau pongezi. Walipokea pesa, wakafunga milango yao, kama nilivyoufunga ule wa paa.