Paa la Nyumba ya Temeke

Nakumbuka asubuhi moja pale Temeke, mwanangu, Mwingereza bado akitutawala, nilipomkuta shemeji yangu Athumani juu ya nyumba yake akiezua makuti. Nyumba haikuwa ikivuja. Makuti yalikuwa mapya.

Athumani, mume wa dada yangu Zuhura, alikuwa fundi cherehani, naye alikuwa amepata kazi Unguja, nchi iliyokuwa na serikali yake na sheria zake. Akiba yake yote alikuwa ameitia katika nyumba ile ya vyumba vya kupangisha, ambamo mwenyewe alikaa chumba kimoja, na pango lake ndilo lililotarajiwa kumsomesha mtoto wao. Mimi nilikuwa mwalimu, na sikuwa mtu wa kuamini jambo kwa sababu tu limesemwa kwa sauti kubwa.

"Shemeji, umepatwa na nini?"

"Nakwepa kodi mbili! Mwenye nyumba akihamia nchi nyingine hutozwa huku na kule. Lakini nyumba isiyo na paa si nyumba, haitozwi."

"Nani kakwambia?"

"Kinyozi."

"Naye kaambiwa na nani?"

"Mteja wake."

"Mteja gani?"

"Alikuwa na povu usoni, shemeji. Hakujulikana."

Chini yake, katika chumba kilichokwisha kuwa uwanja, Bi Mwanaidi, mpangaji wake, alikuwa akikaanga maandazi huku ameshika mwavuli.

"Mwalimu, mwambie shemeji yako: mie nilipanga chumba, sikupanga mawingu! Pango la mwezi nimelipa, sitoki. Na kuti likiingia kwenye mafuta yangu, atalila yeye!"

Masika yalikuwa karibu, na kuta zile zilikuwa za udongo. Zingenyeshewa juma moja tu, elimu ya mpwa wangu ingeondoka na matope. Kwa hiyo sikubembeleza. Niliondoa ngazi, nikamwambia Athumani nitairudisha atakapokubali kufuatana nami bomani. Alinitukana kwa adabu, kama shemeji anavyopaswa. Jua la mchana likanisaidia kumshawishi.

Karani wa kodi alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini.

"Bwana, kodi ya nyumba hulipwa pale iliposimama. Unahama wewe, nyumba haihami. Acha mtu wa kukulipia hapa kama kawaida. Unguja hawatakudai kitu kwa nyumba ya Temeke."

"Na kama haina paa?"

"Kuna mtu anayeishi humo?"

Athumani alinitazama, kisha akatazama sakafu. "Yumo mpangaji mmoja. Ana mwavuli."

"Basi ni nyumba."

Tuliezeka upya sisi wawili, Bi Mwanaidi akitusimamia kutoka chini: "Hapo bado naiona mbingu! Na hapo!" Mvua ya kwanza ilitukuta tumebakiza sehemu moja tu, ile iliyokuwa juu ya kitanda cha Athumani mwenyewe. Kinyozi, nilipomuuliza, alijibu kwamba yeye alisema "huenda".

Mwanangu, ninyi mnahama nchi kwa ndege, mkiacha nyuma nyumba, hisa na fedha benki. Kabla hujauza, hujaficha wala hujabomoa kitu, nenda ofisi ya kodi ya nchi unayoiacha, kisha ya nchi unayokwenda. Uliza kila mali itatozwa kodi wapi, na kama nchi hizo mbili zina mapatano ya kutokutoza mara mbili. Taka jibu kwa maandishi. Wala usilibebe jibu la Athumani ukadhani ni lako. Lilikuwa la nyumba moja, katika zama zake, na sheria hubadilika. Hata mimi usiniamini kwa kuwa nina mvi. Kaulize.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akubarikie ulichochuma kwa jasho lako, na akujalie paa zima huku uliko na huko uendako.